Kitambaa cha Chumba cha Pili

Mwezi uliopita kijana wa vyuma chakavu alipita mbele ya banda langu hapa Nangurukuru akisukuma mkokoteni, na juu ya mkokoteni lilikuwa limelazwa dishi la setilaiti. Si hivi vidishi vya siku hizi vinavyobandikwa ukutani kama sahani ya chai. Lilikuwa lile la zamani, la bati zito, pana kiasi cha mtoto kulala ndani akajinyoosha. Nikamwita. Nikaanza kwa kuuliza bei ya chepe bovu lililokuwa pembeni, maana kitu unachokitaka hakiulizwi kwanza. Akaniambia kuna mama njia ya Masoko ameliagiza hilo dishi awanyweshee bata. Nikalizunguka mara mbili. Nyuma, chini ya kutu, palikuwa na rangi ya kijani ya mafuta, imepakwa ovyo na mtu ambaye hiyo si kazi yake, na katikati ya rangi kulikuwa na unywele wa brashi ulioganda. Unywele ule naujua. Nikiwa mtoto nilijaribu kuung'oa kwa kucha nikashindwa.

Nikamwambia kijana hili ni beseni tu, tena limetoboka. Akakubali sufuria mbili zilizochoka na sahani ya wali. Alipoondoka nilikuwa nimepata, lakini nilikaa kivulini na sura ya mtu aliyeibiwa.

Dishi lile kwanza lilikaa Lindi mjini, juu ya ghorofa. Tulikuwa tumepanga huko juu, na chini yetu kulikuwa na duka la vitambaa la mwenye nyumba, Mhindi mmoja, mpole wa kuuza na mkali wa kukopesha. Kutwa ulisikia kitambaa kikichanwa, chaaa, halafu kimya, halafu chaaa. Nyumba yetu ilikuwa na vyumba viwili na ukumbi mwembamba ambao watu wawili wakikutana ilibidi mmoja arudi. Chumba cha kwanza walilala baba na mama, na sisi watoto nyuma ya pazia. Chumba cha pili alikaa Baba Mdogo, ndugu yake baba, na mkewe, Mama Mdogo Zaituni. Hawakuwa na mtoto, kwa hiyo mtoto wao nilikuwa mimi, kwa zamu ya mchana.

Ndiyo kwanza biashara zilikuwa zimekuwa ruksa. Maduka yaliyozoea kuuza chumvi na viberiti yalianza kujaa vitu ambavyo wauzaji wenyewe hawakujua matumizi yake. Baba Mdogo akawa mtu wa kwenda Dar: anapeleka ufuta, anarudi na saa za ukutani na viatu vya plastiki. Safari moja akarudi juu ya lori, amelikumbatia dishi, na mbele kwa dereva amekaa fundi. Fundi alitoboa fremu ya dirisha la chumba cha pili, akapitisha waya, akala, akaondoka bila kumfundisha mtu. Tangu siku hiyo kutafuta stesheni ikawa kazi ya watu wawili. Baba Mdogo juu ya paa analisukuma dishi kwa bega. Mama Mdogo dirishani anatazama chenga kwenye kioo na kupaza sauti: rudi kidogo, nenda kidogo, zaidi, hapo hapo, usipumue. Mtaa mzima ulikuwa unasikia. Picha ikitulia, mtu wa mwisho kuiona alikuwa yeye aliyeileta.

Tulipata stesheni ya Waarabu, ya Wahindi, moja ya Kireno kutoka upande wa Msumbiji, na moja ya Dar iliyokuja na kuondoka kama umeme wenyewe. Nyuma ya televisheni kulikuwa na harufu ya vumbi lililopata moto, imechanganyika na udi uliokuwa kwenye nguo za Mama Mdogo. Mimi nilidhani ndiyo harufu ya nchi za nje.

Halafu Baba Mdogo akaenda Dar akarudi ndani ya sanduku. Homa, walisema. Nakumbuka rangi ya kijani ilikuwa bado ina unyevu kidogo pale nyuma ya dishi, alipoipaka siku mbili kabla ya safari ili chumvi ya bahari isilile bati.

Mama Mdogo akakaa eda. Miezi minne na siku kumi ndani ya chumba cha pili, hajipambi, hajitii manukato, haonani na mwanamume ambaye si maharimu wake. Kuja kumsimamia akaja Shangazi kutoka Kilwa Kivinje, dada mkubwa wa baba, mwanamke mwenye msimamo juu ya kila jambo, hata juu ya upande wa kuanzia kumenya muhogo. Na mbele ya Shangazi, katikati ya chumba cha eda, ikasimama televisheni.

Baba alipendekeza ihamishiwe chumba cha kwanza, kumpumzisha mfiwa. Mama akamwuliza nani atauchomoa ule waya na nani atapanda juu ya paa. Shangazi yeye alitaka izimwe mpaka eda iishe. Lakini siku ya tatu umeme uliporudi ikajiwasha yenyewe, na kwenye stesheni ya Wahindi ilikuwa harusi, bibi harusi anapakwa hina mpaka kwenye viwiko. Shangazi akakaa chini, akasema anapumzisha magoti. Magoti yalipopumzika, akatoa uamuzi. Televisheni haina neno. Wenye neno ni wanaume.

Juu ya televisheni kulikuwa na kitambaa cha kufuma, cheupe, chenye vishada, kama ilivyokuwa kwenye kila nyumba iliyojiheshimu. Shangazi akaamua kwamba akitokea mwanamume kwenye kioo, kitambaa kishushwe, akiondoka, kipandishwe. Akanitazama mimi. Akasema nina macho mepesi na sina kazi.

Basi nikapata kazi. Nilikaa kwenye kigoda pembeni ya televisheni, pindo la kitambaa mkononi, sikuangalia kitu kwa raha hata siku moja. Sinema za Wahindi zilinitesa. Mwanamke anaimba peke yake shambani, tumetulia, mara nyuma ya mti anachomoza mwanamume, na nyuma ya kila mti alikuwepo mmoja. Nashusha. Tunasikiliza wimbo uliobaki kama redio. Wanawake waliokuja kumliwaza mfiwa wakawa wanakaa kuliko ilivyokuwa lazima, na kila mmoja alikuwa na swali. Mtoto mchanga wa kiume je? Anapita. Fahali? Anapita. Mzee asiye na jino? Shangazi akasema kwenye televisheni hakuna wazee, wamepakwa unga tu, shusha. Lakini sheikh anayesoma Kurani kwenye stesheni ya Waarabu alimpa kazi. Alifikiri kwa muda mrefu, kisha akaniambia nishushe nusu, tuone mikono na msahafu.

Baba, kwa kuwa ni shemeji, hakuruhusiwa kuingia, na msimu ule ulikuwa wa mashindano makubwa ya mpira. Wachezaji wote ni wanaume, kwa hiyo kitambaa kilikaa chini mchezo mzima. Mimi nilikuwa naingiza kichwa chini yake kama mpiga picha wa zamani, na kutoka chumba cha kwanza, nyuma ya ukuta, inakuja sauti ya baba, ya upole kuliko ninavyoijua, inauliza nani kafunga. Sikuwajua wachezaji. Namwambia kafunga wa jezi nyeupe. Anauliza yupi. Namwambia mwenye nywele.

Sasa niseme nilichokiamini, kwa sababu bila hicho mambo yaliyofuata hayaeleweki. Niliamini wale watu wanatuona. Nilikuwa na ushahidi. Msomaji wa habari alikuwa ananitazama machoni. Nikihamia kushoto, macho yanakuja kushoto. Nikihamia kulia, nayo yanakuja. Nilihakikisha mara mbili. Na ushahidi mkubwa ulikuwa Shangazi mwenyewe. Yule dada wa stesheni ya Dar akisema hamjambo watazamaji, Shangazi alikuwa anaitikia hatujambo mwanangu, huku anaweka sawa kanga kichwani. Mtu mzima haitikii asiyemwona. Kwa hiyo kile kitambaa kwangu hakikuwa pambo. Kilikuwa pazia la kweli, upande huu Mama Mdogo, upande ule wanaume wa dunia nzima.

Alasiri moja nilikuwa ukumbini nachambua mchele. Shangazi na baba walikuwa wamesimama mlangoni penye ngazi, mama ameketi anamenya viazi. Shangazi akasema eda ikiisha Zaituni arudi kwao Kiswere, hana mtoto, atashika nini hapa. Baba akashusha pumzi, akasema ni kweli, inasikitisha. Pumzi haijaisha vizuri akaongeza kwamba chumba cha pili kingefaa kuwa sebule. Nilisikia tu kisu cha mama kimesimama, halafu kikaendelea.

Mama Mdogo ndiye aliyekuwa akinisuka. Ndiye aliyekuwa akinipikia vitumbua viwili akaniambia nimehesabu vibaya, ni vitatu. Nikakaa na ule mchele nikifikiri kama mtu wa sokoni anayetafuta pa kumbana muuzaji. Na nikapapata. Chuoni tulikosoma Kurani, mwalimu wetu alikuwa ametufundisha kwamba udhu ukitenguka unaanza upya, na swaumu ukiila unailipa. Hakusema eda ni tofauti. Na siku mwenye duka alipotuma mtu kuuliza habari ya kile chumba, Shangazi alimjibu kwa ukali kwamba mjane hatolewi nyumbani kwa mumewe akiwa kwenye eda. Nikayaweka pamoja. Mwanamume akimwona, eda inatenguka. Ikitenguka, anaanza upya. Anapoanza upya, hatoki. Na mwenye kitambaa ni mimi.

Nilianza na mtu wa mvua, yule anayesimama mbele ya ramani. Alitokea, na mimi nikauacha mkono ukae palepale. Alimtazama Mama Mdogo waziwazi, akatabasamu, akaonyesha Pemba, akaendelea na mambo yake. Nikajua anajifanya hakuona, kwa adabu. Kesho yake nikamwachia tena, na baada yake mwuza dawa ya meno. Shangazi mchana alikuwa anasinzia akiwa amekaa, tasbihi mkononi, na mimi nikawa nawaingiza wanaume chumbani mmoja mmoja: waamuzi wa mpira, askari wa sinema, Mreno mmoja mwenye kizibao aliyekuwa anapika samaki. Kila mmoja nilimhesabu.

Mama Mdogo aliona. Siku ya Mreno alinigeukia, akaniuliza kama mkono unauma. Nikamwambia umekufa ganzi.

"Basi upumzishe," akasema, na akarudisha macho kwa Mreno na samaki wake.

Shangazi alihesabu eda kwa miezi ya kuandama, na haikumpita. Asubuhi ya siku yenyewe wanawake wa mtaa walikuja na maji ya kuogea yaliyotiwa maua, chetezo, na doti mpya ya kanga. Ukumbi ulijaa mpaka ngazini. Mimi nikasimama mlangoni mwa chumba cha pili, mkono huu kwenye mwimo na huu kwenye mwimo, nikamwambia Shangazi asimtoe, bado, eda imetenguka.

Shangazi akatua ndoo. Akaniuliza nani kaniambia maneno hayo.

Nikamwambia wanaume wamemwona, na niliowaachia ni mimi. Akauliza wanaume gani. Nikawataja wote, kuanzia mtu wa mvua mpaka Mreno, halafu nikawataja tena kwa kurudi nyuma, hesabu isije ikakosewa.

"Mtoto wewe," akasema Shangazi. "Zile ni picha. Hazioni mtu."

"Mbona unaziitikia?"

Mwanamke mmoja aliziba mdomo kwa kanga na bado kicheko kikatoka. Wengine wakafuata. Shangazi akatazama ndani ya ndoo kana kwamba jibu limezama humo. Asiyecheka alikuwa Mama Mdogo peke yake. Alikuwa ameketi kitandani, uso umepauka kwa kukaa ndani, na alikuwa ananitazama mimi.

"Kwa nini uliwaachia, mwanangu?"

"Uanze upya. Ukianza upya hurudi Kiswere, na baba hafanyi sebule."

Vicheko vikakatika. Chini dukani kitambaa kilichanwa, chaaa, kikasikika mpaka mwisho wake. Hapo ndipo nilipoelewa, kwa kutazama nyuso, kwamba maneno ya Kiswere yalikuwa yamefika kila mahali ndani ya nyumba ile isipokuwa chumba cha pili.

Mama Mdogo akamgeukia Shangazi. Hakupandisha sauti.

"Kumbe, wifi, nimeshafungwa kama mzigo. Bado kupakiwa tu."

Shangazi akasema walikuwa wanangoja atoke wamweleze kwa utaratibu. Mama yangu, ambaye alipoyasikia maneno ya Kiswere aliendelea tu kumenya viazi, akainua ndoo yeye, akapita katikati ya watu wote, akaingia nayo kwa mwanamke mwenziwe wa nyumba ile, akafunga mlango.

Mama Mdogo alioga. Akavaa kanga mpya. Chetezo kikapita, na harufu ya udi ikarudi ndani ya chumba kwa mara ya kwanza tangu msiba, mimi nikafurahi na papo hapo nikakumbuka maana yake. Wanawake wakangoja atoke kupokea salamu. Hakutoka. Alisema baba aitwe, asimame nyuma ya pazia la mlango, wazungumze. Baba akaja, amevaa kofia kama anakwenda kuozesha.

Mama Mdogo akamwuliza shemeji yake, kwa kuwa hana mtoto, si fungu lake katika mali ya marehemu ni robo? Baba akasema ndivyo ilivyo. Mama Mdogo akasema vizuri. Kitanda achukue. Kabati achukue, na baiskeli, na ile mizigo ya viatu iliyolala stoo kwa mwenye duka, vyote ni vyao. Yeye robo yake ni televisheni na dishi lake.

Nyuma ya pazia baba akakohoa. Kuna kukohoa kwa ugonjwa na kuna kukohoa kwa mtu aliyepigwa bei. Siku hizi navitofautisha nikiwa nimefumba macho. Akasema, kwa heshima zote, vitu hivyo viwili vinazidi robo.

"Na mimi nikiondoka, shemeji, nani atasimama dirishani? Mkinitoa mimi, lile dishi ni beseni."

Baba akasema ngoja kwanza apige hesabu.

"Piga, shemeji. Piga mara mbili."

Nilikuwa upande wa ukumbini, nilimwona akizipiga. Midomo inacheza, vidole vinakunjwa na kukunjuliwa, na macho yanapanda kwenye dari ambako juu yake ndiko dishi lilikosimama. Akamtazama Shangazi, na Shangazi, ambaye asubuhi hiyo alikuwa ameishiwa maneno, akasema robo ni haki ya mtu, aichague anavyotaka. Baba akarudia hesabu. Mwishowe akasogea karibu na pazia, akasema kwa ile sauti ya upole niliyoijua kutoka nyuma ya ukuta, kwamba amekubali, ila fainali ni Jumapili.

Halafu Mama Mdogo akasema Jumapili atampa. Lakini lori la kumhamisha atafute baba, na nauli ya mizigo isiwe juu yake.

Nimefanya biashara maisha yangu yote na sijawahi kuona mtu aliyetoka eda asubuhi akafunga mapatano ya namna ile kabla ya adhuhuri.

Jumapili baba aliingia chumba cha pili kwa mara ya kwanza baada ya miezi yote ile. Mama Mdogo alimtuma kaka yangu juu ya paa na yeye akasimama dirishani: rudi, nenda, hapo hapo. Picha ikakaa. Baba akaangalia fainali bila kitambaa, akiwa peke yake na wachezaji wake, na nilipochungulia alikuwa amekaa kwenye kigoda changu, machozi yanamtoka, na aliyekuwa anamshangilia ndiye aliyeshinda. Sikuelewa. Leo nafikiri alikuwa analiona bega la ndugu yake likilisukuma lile dishi.

Lori liliondoka Jumanne. Nililia mpaka nikatapika. Nilidhani nimepoteza kila kitu, maana niliupanga mpango wangu ili asiondoke na ameondoka, tena na televisheni juu. Kilichonichukua miaka kukihesabu vizuri ni kwamba kuondoka kulikuwa kumeshaamuliwa. Kilichokuwa hakijaamuliwa ni kama ataondoka na kitu au mikono mitupu. Dereva alitusimulia baadaye kwamba walipofika njia panda ya Kiswere alipunguza mwendo, na Mama Mdogo akamwambia akanyage mafuta. Akashukia Nangurukuru, penye mabasi, ambako hakumjua mtu.

Tulimzika mwanzo wa masika haya. Waliochukua banda lake walisafisha uani, wakauza vyuma, na ndivyo dishi lilivyopita mbele yangu likienda kuwanywesha bata. Sasa limeegemea ukuta wa jiko langu. Watu wananiuliza nitalifanyia nini, nawaambia bado nalifikiria bei.

Likizo ile ya kwanza baada ya yeye kuondoka, mama alinileta kumsalimia. Tulishuka kwenye basi mchana wa jua kali. Banda lake lilikuwa la makuti, mabenchi yamejaa madereva, makondakta na wasafiri wanaokula wali na samaki, na wote wamekaa wameelekea upande mmoja. Televisheni ilikuwa juu ya kabati, dishi uani limenyanyua uso. Kitambaa kilikuwepo, kimekunjwa vizuri, kimewekwa juu ya televisheni. Mama Mdogo alikuwa anapita katikati ya wanaume wale na sahani, wanja machoni, kanga kaifunga kiunoni. Nilipomsalimia shikamoo aliitikia marahaba bila kusimama, kisha akasimama.

Kwenye kioo akatokea mtu wa mvua. Mkono wangu ukaenda wenyewe. Nilishapanda kwenye benchi, nimeshashika kishada, niliposikia sauti yake nyuma yangu.

"Kiache, mwanangu. Waache wanione."

Nikashuka. Mtu wa mvua akatutazama, akaonyesha Pemba. Mama Mdogo naye akamtazama, akaendelea kugawa wali.